Mbingu haina wingu, lakini Zohali inatetema

Swali: Assalaam alaykum. Nina darubini ya inchi 8, nawaonesha wageni nyota hapa Paje. Simu ikiniambia mbingu ni safi, mara nyingi Zohali inatetema hata pete hazionekani vizuri. Kuna mtu ananiuzia huduma ya kulipia kila mwezi. Anasema inatabiri utulivu wa anga saa kwa saa, siku kumi mbele. Ninunue?

Jibu: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Usinunue.

Utabiri wa mbingu safi ni habari ya mawingu tu. Kinachoitikisa Zohali ni hewa ya joto na ya baridi zinazochanganyika, kila kipande kikiupinda mwanga kwa namna yake. Usiku wa kaskazi nyota zinaweza kujaa hadi upeo wa bahari, na darubini isione kitu cha maana. Hili naulizwa kila mara, na wanaoniudhi ni wauzaji wanaolijua na kulinyamazia.

Modeli za kawaida za hali ya hewa, yaani hesabu za kompyuta za kutabiri, huigawa dunia katika miraba ya kilomita kadhaa. Misukosuko inayokusumbua wewe ina ukubwa wa sentimita chache hadi makumi ya mita. Modeli haiioni, inaikadiria kutokana na upepo na joto la kila tabaka. Ndiyo maana Paranal, kituo cha darubini kubwa huko Chile, mita 2,635 juu ya bahari, kuna chombo kinachopima mtikisiko wa nyota usiku kucha. Mount Graham, kituo kingine cha darubini huko Arizona, Marekani, vipimo vya usiku uleule hurudishwa kwenye hesabu, na hapo utabiri wa saa moja au mbili mbele huwa bora zaidi. Saa moja au mbili! Huyo wako anauza siku kumi. Mwulize chombo chake cha kupimia kiko wapi.

Tena huduma nyingi za aina hiyo hutegemea zaidi upepo mkali wa juu, kiasi cha kilomita 12, ambao makao yake khasa ni karibu na latitudo 30. Sisi tuko latitudo 6. Anza na yaliyo chini: sakafu ya saruji na bati vinavyotoa joto la mchana, na darubini iliyotoka chumba cha kiyoyozi. Itoe nje saa nzima kabla, iweke kwenye majani, subiri Zohali ipande. Kila usiku andika daftarini utulivu, kwa ngazi tano za Antoniadi (ya kwanza ni anga tulivu kabisa, ya tano ni mbaya kabisa), pamoja na upepo. Misimu miwili ya daftari hilo itakufaa kuliko huduma hiyo.

Wapo pia wanaopita maskulini wakiuza vichujio vya “kuondoa mtetemo”. Hakuna kichujio cha namna hiyo. Darubini kubwa hurekebisha mtetemo kwa kioo kinachobadilishwa umbo mamia ya mara kwa sekunde, kikiongozwa na kompyuta inayoipima nyota muda wote. Kipande cha kioo cha rangi hakiwezi kazi hiyo, kiuzwe kwa bei yoyote. Walimu, fedha hizo nunueni lenzi nzuri ya kutazamia.