Faiba imepita hapo nje, mbona kwangu haifiki? Maswali yenu na majibu

Maswali ya faiba vijijini, yaani intaneti inayosafiri kama mwanga ndani ya nyuzi za kioo, yamekuwa mengi mno, leo najibu yale yanayojirudia.

Kebo ya faiba imepita pembeni ya shamba langu kabisa, naiona kwa macho, kwa nini siwezi kuunganishwa?

Hasira yako naielewa. Hiyo inawezekana kabisa ni mkongo, ile ya masafa marefu inayounganisha mji na mji, hapo kwako inapita tu, na huwezi kuikata popote ukachomeka nyumba yako. Lazima wajenge kituo karibu, kutoka hapo uzi mmoja unapita kwenye kigawanyio, kifaa cha kugawa mwanga, unalisha nyumba 32, wakati mwingine 64. Wakikwambia uko mbali usikubali haraka, kwa mfumo huo unaweza kukaa hata kilomita 20 toka kituoni, maana kioo hiki ni kisafi kiasi kwamba mwanga ukisafiri kilomita 15 ndani yake bado nusu yake iko. Kampuni inachohesabu ni vichwa. Nyumba 32 mjini ni ghorofa moja, kijijini ni mlima mzima na bonde lake.

Sasa kama kioo kinatokana na mchanga, ghali ya nini?

Kioo sio ishu, pesa inaliwa na mtaro. Mawe, vibali, kuvuka barabara na mto, halafu kuna mzee mmoja hataki mtu aguse mpaka wake. Ndo maana mi nawaambia watu jipangeni kabla kampuni haijaja, orodhesheni nyumba zinazotaka na mwongee na wenye mashamba mapema. Kule Lancashire, Uingereza, wanakijiji walianzisha B4RN, mtandao wao wenyewe wa faiba, mwaka 2011, wenye mashamba wakaruhusu mtaro upite bure, watu wakashika majembe na matrekta wakachimba wenyewe, na wakapata spidi ya Mbps 1,000 (megabiti kwa sekunde) kushusha na kupandisha. Shambani ukishalaza bomba la kupitishia kebo unarudishia udongo basi, hamna lami ya kukarabati. Hapo ndo gharama inashuka sana.

Radi ilishaniunguzia modemu mara mbili kwenye laini ya simu. Faiba je?

Kioo hakipitishi umeme kwa hiyo huko radi haina njia. Ila kisanduku chako cha kupokea faiba ndani ya nyumba kimechomekwa kwenye umeme ukutani, inaweza kupitia huko, kwa hiyo ukiona mvua ya radi inakuja chomoa mapema. Na umeme ukikatika nacho kinazima, tafuta betri.

Watu wamekata kebo yetu wakidhani ina shaba, fundi anasema itachukua siku nzima. Anatupiga chenga?

Hapana, mwacheni afanye kazi. Njiti ya kioo ni nyembamba karibu kama unywele, na kiini chake kinachopitisha mwanga ni kama mikromita 9, yaani sehemu 9 kati ya elfu za milimita moja. Fundi anaimenya, anaifuta kwa spiriti, anaikata iwe na ncha bapa kabisa, anazilaza ncha mbili ndani ya mashine, kwenye skrini ya mashine unaziona zinasogeleana polepole kama zinaogopana, inapiga cheche, zimeyeyuka zimekuwa kitu kimoja. Huo ni uzi mmoja, na kebo inaweza kuwa na 48 au 96, na pale ilipokatwa mara nyingi inabidi aongeze kipande katikati kwa hiyo anaunga pande mbili. Watoto wasiokote vile vipande, vinazama kwenye ngozi na havionekani, na mtu asichungulie ncha ya kebo, ule mwanga jicho halioni lakini unaumiza.

Si bora satelaiti tu?

Kama nyumba zenu zimetawanyika sana, chukua, wala sio dhambi. Zile za zamani ziko karibu kilomita 36,000 juu, ukiongea sauti inachelewa mpaka mnaingiliana, ila za Starlink ziko kama 550 na zinafaa. Ubaya watu wakijaa eneo moja mnagawana mawimbi yaleyale. Faiba ukitaka spidi zaidi wanabadilisha vifaa vya huku na huku, kioo kinabaki palepale ardhini.

Nimefungiwa faiba mwezi huu ila video bado zinazunguka tu, nimeibiwa?

Ruta iko wapi? Kama umeificha kabatini nyuma ya ukuta wa mawe, hilo ni tatizo la waifai. Chomeka kompyuta kwa waya upime, ikienda vizuri hamisha ruta, ikigoma ndo umpigie fundi.