Herufi zikiachana: maswali na majibu

*Nimechora fonti yangu kwa FontForge, programu ya kuunda fonti. InDesign, ile ya kupanga kurasa, inaonyesha neno WATOTO vizuri, lakini Word inaacha pengo kati ya W na A mpaka watu wanasoma "W ATOTO". Kosa ni langu au la Word? Mchoraji, Umoja*

Huenda ni la nyote wawili. Anza na Word. Nyaraka nyingi, hasa za matoleo ya zamani, hufunguka keningi ikiwa imezimwa, yaani ule mbano wa jozi moja ya herufi kama W na A haufanyi kazi hata kama umo ndani ya fonti. Bonyeza Ctrl+D, nenda Advanced, tia alama penye Kerning for fonts, kisha uandike 8 pale pa pointi ili maandishi madogo nayo yabanwe.

Halafu rudi InDesign uangalie kama keningi yake iko kwenye Optical. Hiyo hukadiria nafasi kwa kutazama maumbo ya herufi, na jozi ulizozipanga mwenyewe huziruka. Weka Metrics, inayofuata jozi zilizomo ndani ya fonti. Pengo likitokea na hapo, basi fonti haina jozi hiyo na Optical ilikuwa inakusitiri. Lisipotokea, jozi ipo, ila huenda programu nyingine haiioni: programu za zamani husoma jedwali la kale la kern tu, si GPOS, jedwali jipya la kuhifadhia jozi. Unapotoa faili kwenye FontForge, fungua Options na uchague Old style kern.

Ila nakusihi, kabla ya kugusa jozi yoyote, andika HHOHOO na nnonoo uzitazame kwa mbali. Zikipepesuka, shida iko kwenye nafasi za pembeni za herufi zenyewe. Nimeona vijana wakipanga mamia ya jozi usiku kucha kutibu kitu ambacho kingepona kwa kupunguza upande mmoja wa herufi n.

*Naandaa kitabu cha nyimbo cha kwaya yetu kwa Gĩkũyũ. "Tu" inakaa vizuri, "Tũ" inaachana, na mahali pengine ũ inaonekana kama imeazimwa kwingine. Dada wa Kasarani*

Imeazimwa kweli, dada. Fonti yako haina ũ, kwa hiyo programu imeichukua kwenye fonti nyingine, na herufi za fonti mbili hazina mbano kati yao. Unahitaji herufi nne: Ĩ, ĩ, Ũ na ũ, zenye namba za Yunikodi (orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta) 0128, 0129, 0168 na 0169. Angalia pia zilivyochapwa. Wengine huandika u kisha wakaongeza kiwimbi (~) peke yake. Machoni ni ile ile, lakini kompyuta inaona alama mbili na jozi inapotea.

Ukishazichora, utashawishika kuiweka ũ kundi moja na u ili irithi mbano wake wote. Usifanye hivyo upande ule inapofuata T. Andika "Tu" na "Tũ" kwa pointi 200 uone: u inaingia chini ya mkono wa T bila shida, lakini ũ ikisogezwa kiasi kile kile, kiwimbi chake kinagonga mkono huo. Ipe mbano wake mdogo, kisha uijaribu kwa neno halisi kama "Tũthiĩ". Ĩ ndogo ni ngumu zaidi, maana kiwimbi chake ni kipana kuliko mguu wake. Katika "Wĩ mwega" hutoka nje na kugusana na W, kwa hiyo huko mara nyingi unaongeza nafasi badala ya kubana. Lugha zetu zinastahili kazi hii. Kitabu cha nyimbo kitashikwa miaka mingi.

*Bango la bucha limeandikwa NG'OMBE lakini linasomeka NG' OMBE. Fundi, Kirinyaga Road*

Mteja amekutumia maneno kwa simu, na kibainishi, yaani ile alama (') baada ya G, kimekuja kilichonyooka. Fonti nyingi zina jozi za kibainishi kilichopinda (’) tu. Badilisha kipinde. Pengo likibaki, kwenye Illustrator weka kielekezi (cursor) kati ya kibainishi na O, shika Alt, ubonyeze mshale wa kushoto mpaka O isogee. Ukitaka kufanya maneno kuwa michoro kwa ajili ya mashine ya kukata, fanya hivyo mwisho kabisa, nafasi zikishakaa sawa.

*Nimerekebisha fonti, nikaisakinisha tena, na bado naona ile ya zamani. Mwanafunzi*

Jina ni lile lile, na kompyuta imeihifadhi ya kwanza. Funga programu zote, ondoa ya zamani, kisha uipe mpya jina tofauti kila unapojaribu: Jaribio2, Jaribio3. Tazama pia kama kando ya faili ya InDesign kuna folda ya Document fonts. Fonti iliyomo humo ndiyo hutumika kwa faili hiyo, hata ukisakinisha mpya mara kumi.

*Mbunifu amenipa nafasi kati ya herufi (letter spacing) ya 2% kwenye Figma, programu yake ya usanifu. InDesign niandike ngapi? Ngara*

Andika 20 penye Tracking, maana InDesign huhesabu kwa sehemu za elfu za ukubwa wa herufi. Kwenye tovuti ni 0.02em. Word hutaka pointi, kwa hiyo maandishi ya pointi 50 yataongezewa pointi 1, na ukubwa ukibadilika itakubidi upige hesabu upya.