Mkutubi Ndani ya Kozi

SWALI: Kila mwaka wanafunzi wangu wa chuo kikuu hutembezwa maktabani wanapoanza masomo, lakini insha zao bado hutegemea kurasa za kwanza za intaneti. Nifanye nini?
Mhadhiri

JIBU: Ndugu Mhadhiri, matembezi hayo huja kabla mwanafunzi hajawa na swali la kutafutia majibu, ndiyo maana husahaulika upesi. Mwalike mkutubi darasani wiki ile unayotoa kazi ya utafiti, ili awaonyeshe, kwa mada zao wenyewe, namna ya kupekua hifadhidata za majarida (mikusanyo ya mtandaoni ya makala za kitaaluma): kufunga kwa alama za nukuu maneno yanayopaswa kuandamana, kisha kufuata marejeo ya makala moja nzuri hadi nyingine. Pia tenga maksi, jambo ambalo wahadhiri wengi huliruka, kwa aya fupi inayoeleza mwanafunzi alitafuta wapi na kwa nini alikiamini chanzo alichokichagua.