Seti ya pili ya alenki imelika ncha: je, chuma ndicho kibaya?

Swali: Kwa kujifurahisha natengeneza baiskeli zangu, samani za kuunganisha na printa ndogo ya 3D. Hii ni seti ya pili ya alenki, yaani funguo za pembe sita, kuniharibikia. Namba 2.5 na 3 zimelika ncha, na skrubu mbili zimebaki na tundu la mviringo. Seti zote mbili zilikuwa na mhuri wa CR-V. Muuzaji ananishauri nihamie chuma cha S2, au nichukue seti kubwa ya vipande 30. Bajeti yangu ni ndogo. Ninunue ipi?

Jibu: Ya vipande 30 iache hapohapo ilipo. Nusu ya seti kama hizo huwa ni vipimo vya inchi, na kwa kazi ulizozitaja huvihitaji. Vinakuletea hasara tu. Alenki ya inchi 3/32 ina milimita 2.38. Inaingia vizuri kabisa kwenye tundu la 2.5, mkono unaridhika, ukikaza inazunguka na kula kona zote sita. Nashuku moja ya skrubu zako iliharibika hivyo.

Sasa huo mhuri. Wauzaji wanauimba kana kwamba ni cheti, na watu wanaendelea kuamini. CR-V maana yake chuma kimechanganywa na kromu na vanadi. S2 ni chuma chenye silikoni, molibdeni na vanadi, na kikitengenezwa sawasawa huvumilia zaidi. Lakini ugumu wa alenki hutokana na jinsi chuma kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani. Kikipozwa ovyo huwa laini na kujisokota. Kikiachwa kigumu kupita kiasi hukatika ghafla. Mhuri hausemi neno juu ya hilo, na mtu yeyote mwenye mashine ya kugonga chapa anaweza kuuweka.

Wala hausemi chochote kuhusu kipimo, na hapo ndipo alenki nyingi za bei ya chini zinapoanguka. Namba 2.5 iliyotengenezwa kwa kiwango cha ISO 2936, kiwango cha kimataifa cha alenki, haipiti milimita 2.50 na haipungui 2.46. Ikiwa 2.40, bapa zake hazilali tena kwenye kuta za tundu. Nguvu yote inabebwa na kona tupu. Kwenye namba 5 au 6 upungufu kama huo hauonekani sana. Kwenye 2.5 unatosha kuua skrubu mara ya kwanza tu.

Kwa hiyo gawanya bajeti yako hivi. Namba 1.5, 2, 2.5 na 3 nunua moja moja, za mtengenezaji anayetaja kiwango hicho, hata kama kila moja ni ghali. Namba 4, 5, 6 na 8 zinaweza kuwa za bei ya kati na zikadumu miaka. Kazi zako zitatoshelezwa: bolti ya M3 (yenye unene wa milimita 3) na kichwa cha silinda huchukua 2.5, M4 huchukua 3, M5 huchukua 4, M6 huchukua 5. Vichwa vya kuba hushuka namba moja: M3 ni 2, M5 ni 3. Visikrubu visivyo na kichwa hushuka zaidi. Cha M3 ni 1.5.

Dukani nenda na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, na bolti mpya ya M3. Pima alenki bapa kwa bapa, mara tatu, ukiizungusha. Kisha itazame ncha kwenye mwanga: iwe imekatwa wima, kona zikiwa kali, bila mstari mweupe unaong'aa ukingoni. Iingize kwenye bolti uitikise. Mchezo uwe mdogo sana. Alenki ndogo iliyopakwa kromu nene iangalie mara mbili, kwa sababu mipako ikibanduka kipimo kinabadilika. Nyeusi iliyopakwa mafuta inatosha kabisa.

Ncha ya mpira, ile iliyochongwa mviringo kama mpira, ni ya kuzungushia skrubu iliyokwisha kulegea, mahali unapoingia kwa mshazari. Kufungua bolti iliyogoma au kukaza mwisho ni kazi ya ncha iliyonyooka. Shingo ya ncha hiyo ya mviringo hukatika, na kipande hubaki ndani ya tundu.

Alenki zako zilizolika usizitupe. Kata milimita mbili tatu za ncha kwa jiwe la kusagia, ukiichovya majini kila baada ya sekunde chache. Ikigeuka bluu, hapo imekuwa laini, kata zaidi.

Ninachokiona kila wiki ni mbinu za mkato zinazosambazwa kama ufundi. Watu wanafunga mpira wa bendi juu ya tundu lililolika, wanamimina gundi, au wanachomeka bomba kwenye alenki ili kuongeza nguvu. Bolti nyingi za shina la usukani wa baiskeli zimeandikwa 5 Nm (mita-newton, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kwa alenki yenye mkono wa sentimita 15, hiyo ni nguvu ya kubeba kilo tatu na nusu hivi. Bomba la nini? Kabla ya yote, chokoa uchafu tunduni kwa sindano. Tundu la bolti ya M5 lina kina cha milimita 2.5 tu au zaidi kidogo. Tope la milimita moja linakunyang'anya karibu nusu ya mshiko, halafu lawama inaenda kwa alenki.

Kugongelea ufunguo wa nyota kwa nyundo kwenye tundu lililolika hufanya kazi, ila kwa kutoa bolti inayokwenda kutupwa. Wengi wanaitoa, wanairudisha na kuikaza kwa ufunguo uleule. Kwenye samani utapata kero tu, lakini kwenye breki unaweka mtu hatarini. Bolti ya usukani au ya breki ikilika tundu, weka mpya ya urefu uleule na daraja lilelile la uimara lililoandikwa kichwani: 8.8, 10.9 au 12.9.