Si lazima nguo ziwe 33

Je, kabati linalooana, yaani nguo chache zinazovalika pamoja, lazima liwe na nguo 33? Hapana, 33 si idadi rasmi. Imetoka kwa mwandishi Mmarekani Courtney Carver, aliyejiwekea mwaka 2010 sharti la kuvaa vitu 33 kwa miezi 3, viatu na mikufu vikihesabiwa humo, ila si chupi, nguo za kulalia wala za mazoezi. Mbunifu wa mavazi Donna Karan, mwaka 1985, alijenga mkusanyiko wake juu ya vipande 7 tu.

Kinachorahisisha asubuhi ni kuoana. Blauzi 6 na suruali au sketi 4 zinazokubaliana zote hukupa mavazi 24. Blauzi moja ya maua ikikubali sketi moja pekee, umepoteza 3 papo hapo. Mimi hutandaza zote kitandani na kuipitisha kila blauzi juu ya kila sketi. Isiyopata hata wenza wawili, sinunui tena ya namna hiyo. Fanya hivyo mchana, karibu na dirisha, maana usiku kwenye taa, nyeusi na buluu iliyokoza hufanana kabisa.

Kama kazini unavaa sare, 33 ni nyingi mno kwako.