Wadogo zangu, Lenin hakumng'oa Tsar

Wiki hii nimesoma hadithi tatu za vijana wapya, zote za Urusi isiyopata mapinduzi ya Kikomunisti. Katika zote, Lenin, kiongozi wa Wabolsheviki (Wakomunisti wa Urusi), anafia njiani, na ukurasa unaofuata Tsar (mfalme) Nicholas wa Pili yuko Ikulu anakunywa chai. Jamani!

1. Ukishachagua njia panda, pale hadithi yako inapoiacha historia ya kweli, soma kwanza miezi iliyoitangulia. Hili niliumia nalo. Hadithi yangu ndefu ya kwanza ilikuwa na kurasa 90, miezi saba ya kuandika usiku baada ya kazi. Niliizuia treni ya Aprili 1917 iliyompitisha Lenin Ujerumani, nikampa Nicholas miaka ishirini zaidi ya kutawala. Mwalimu mstaafu wa historia aliisoma yote, akaandika pembeni kwa penseli: "Mwanangu, huyu alijiuzulu Machi." Mwili ulinisisimka. Wanawake wa Petrograd, mji mkuu wa wakati huo, walishaandamana kudai mkate, askari walishakataa kuwapiga risasi, mfalme kaachia kiti, na Lenin bado yuko Zurich! Aliyepinduliwa Oktoba ni waziri mkuu Kerensky na Serikali yake ya Muda, iliyoshika nafasi ya mfalme. Nililia, na sioni haya kulisema.

Nilipoanza upya nikakutana na Bunge la Katiba, lililochaguliwa mwishoni mwa 1917. Wabolsheviki walipata kama robo tu ya kura. Wanamapinduzi wa Kijamaa, chama cha wakulima, wakaongoza. Likakutana mara moja, Januari 1918, likafungwa. Je, lingekutana siku ya pili? Wakulima wanataka ardhi, Wajerumani hawajaondoka, askari wanatoroka. Andikeni hapo, tafadhali.

2. Kalenda ya Warusi ilikuwa nyuma ya hii yetu kwa siku 13 hadi Februari 1918, kwa hiyo angalia tarehe zako.

3. Mji ni Petrograd. Leningrad ni jina la 1924, na bila utawala wa Lenin halipo.

4. Fuata matawi mpaka mwisho. Kijana mmoja, kalamu yake naipenda mno, kafuta ukomunisti Urusi na China, kisha shujaa wake anapanda treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, Dar es Salaam kwenda Kapiri Mposhi. Nikampigia: reli kaijenga nani? Nchi za Magharibi zilikataa. Mkopo na mafundi walitoka China ya Mao. Akanyamaza, kisha: "Basi apande basi, kaka." Nikamwambia hapana, mwache hapo hapo, mahali palipopaswa kuwa stesheni, aulize shaba ya Zambia inapita wapi. Jana kanitumia kurasa kumi na mbili. Sikulala mpaka nikazimaliza.