Maswali yenu kuhusu mafuriko ya 2011, na ya mvua zinazokuja

Mvua zikianza kunukia tu maswali yanajaa, mengi ni ya yale mafuriko ya hapa Dar ya Desemba 2011, nimechagua machache.

Yale ya 2011 si ndo yalikuwa Elnino?

Hapana, na hili nimeshalijibu sana jamani. Elnino ilikuwa 1997 kuingia 1998. Desemba 2011 ilikuwa La Nina, kipindi ambacho huku kwetu vuli mara nyingi inakuwa haba, na bado mvua iliyoanza tarehe 20, hata wiki mbili hazijaisha tangu tusherehekee miaka 50 ya Uhuru, iliua watu wapatao 40 hapa Dar na kuacha maelfu hawana pa kulala. Kwa hiyo wewe unayesubiri mpaka utangaziwe Elnino ndo uhamishe watoto, unasubiri kitu ambacho 2011 hakikuwepo.

Nipo Kigogo, mbona maji yanatuingilia hata siku ambayo kwetu imenyesha kidogo?

Kwa sababu mto Msimbazi hauanzii Kigogo. Unaanzia vilima vya huko Pugu, Kisarawe, unashuka na maji ya Ukonga, Vingunguti, Tabata, yote hayo yanakuja kwenu. Njiani unabeba mchanga wa kingo zilizochimbwa, chupa, mifuko, magodoro, alafu ukifika Jangwani bonde limelala, maji yanapunguza mwendo na ule mzigo wote unatua hapo, kina kinapungua. Na pa kutokea baharini ni pale daraja la Salenda tu, kwa hiyo mvua ikikutana na bahari imejaa, hasa siku za bamvua, mto hauna pa kumwaga, unarudi kwenye nyumba. Anayechimba mchanga huko juu ajue kabisa anamjazia mtu wa Kigogo tope chumbani.

Dalali kanionyesha kiwanja karibu na mto, pakavu, bei nzuri na karatasi ya mjumbe ipo. Ninunue?

Ulipelekwa mwezi gani? Hujasema, ila nakisia ni Agosti, maana viwanja vya mabondeni vinauzwa kiangazi, ukienda Aprili hata huyo dalali humpati. Usinunue. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na karatasi ya mjumbe haiifuti hiyo sheria, wengi waliowekewa X nyekundu na kuvunjiwa Msimbazi mwishoni mwa 2015 walikuwa na karatasi kama hiyo hiyo yako. Popote unapotaka kununua Dar, angalia kuta za majirani kama kuna mstari wa tope, angalia vizingiti, ukiona watu wamepandisha tofali tatu nne mlangoni au viroba vya mchanga vimepangwa, hapo umeshajibiwa. Muulize mama wa genge au mpangaji aliyekaa masika kadhaa, usimuulize anayeuza. Na mto unahama, leo ukingo uko mbali, mvua mbili tatu unakuta umekula uwanja wa jirani na nusu ya choo.

Ni kweli wale wa mafuriko ya 2011 waliohamishwa na kupewa viwanja Mabwepande walirudi bondeni?

Wapo waliorudi. Na kabla hujawaita wabishi, piga hesabu: mtu anauza nyanya Kariakoo, anatoka saa kumi alfajiri kwa miguu kutoka Jangwani, unampeleka karibu kilomita 30, nauli inakula mtaji wote. Kumhamisha mtu bila kazi yake ni kumhamisha nusu, na hili nalisema pia kwa wanaolipwa fidia ya kuhama kwenye mradi wa Bonde la Msimbazi: msitumie hela yote kwenye kiwanja cha mbali mkasahau mtakula nini.

Maji yakizingira nyumba tupige namba gani?

114, Zimamoto na Uokoaji. Iandike ukutani watoto waione.

Kisima chetu kilifunikwa na mafuriko, sasa maji yametulia na ni meupe. Tunywe?

Msinywe. Weupe sio usafi. Mtaani kwenu kuna vyoo vya shimo na vyote vilifunikwa na maji hayo hayo, mpaka kisima kitolewe maji yote na kutiwa dawa na watu wa afya, chemsheni ya bomba au nunueni. Na nyie mnaosubiri mvua kubwa ndo mnatapisha vyoo kwenye mtaro, kipindupindu kinaanzia hapo hapo mlangoni kwenu, mnaua watoto wa wenzenu na wa kwenu. Acheni.